Betri Iliyosingiziwa

Sogeeni karibu, vijana wangu, niwasimulie habari ya betri iliyobebeshwa kosa lisilo lake.

Mnaoijua barabara ya kutoka Mwanza kwenda Musoma mnaijua Kisesa. Unatoka mjini, unapita Mabatini, Buzuruga, Nyakato na Igoma, na ukishakwenda kilomita kama 20 umeingia wilaya ya Magu, pale inapochepuka njia ya Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Hapo Kisesa aliishi binti mmoja wa kidato cha nne kwa mjomba wake, na mjomba alikuwa na Toyota Corolla ya mwaka 1998. Kila alfajiri alipakia matenga ya nyanya, akayafikisha sokoni mjini kabla jua halijachomoza. Siku za Jumamosi binti alikuwa akimsindikiza.

Masika yalipoanza, gari likaugua. Waipa zinafanya kazi, taa zimewashwa, na kila mjomba anaposimama kwenye foleni mwanga wa mbele unafifia. Akikanyaga mafuta, unarudi. Kwenye dashibodi, taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri inawaka gari likiruka tuta, halafu inazima. Jumamosi moja karibu na Igoma redio ikanyamaza, waipa zikaanza kujikokota, taa za mbele zikabaki na wekundu hafifu, injini ikakohoa, ikazima.

Wakalisukuma pembeni. Mnajua mambo ya barabarani: kila anayepita ni fundi. Wa bodaboda akasema betri imekufa, wa daladala akasema betri imekufa, na mwenye duka la spea akasema hivyo hivyo, naye alikuwa nayo mpya ya kuuza. Mjomba akanunua. Siku mbili gari likawaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Siku ya tatu akageuza ufunguo, ikasikika “tk”, basi.

Hapa naomba mtulie kidogo, maana kosa hili hufanywa na watu wazima wenye akili zao. Betri haitengenezi umeme wa kuendeshea gari. Inautunza tu. Kazi yake kubwa ni kuzungusha stata mpaka injini iwake, na hiyo ni kazi ya sekunde chache. Injini ikishawaka, anayelisha taa, waipa, plagi na pampu ya mafuta, na wakati huohuo kuirudishia betri ilichotoa, ni alteneta. Fikirini mtungi wa maji nyumbani, na mtu anayekwenda ziwani kuchota. Mchotaji akiugua, mtungi utawafaa kwa muda, kisha utakauka. Leteni mtungi mwingine uliojaa, nao utakauka vilevile, kwa sababu anayeumwa ni mchotaji.

Tena tunaweza kupiga hesabu. Taa mbili za mbele zenye wati 55 kila moja zinakula karibu ampia 9. Weka waipa, feni ya rejeta, pampu ya mafuta na umeme wa plagi, unafika ampia 20 au kuzidi. Betri ya gari dogo hutunza ampia-saa kama 35 hadi 45. Gawanya mwenyewe. Hata ikiwa imejaa mpaka juu, alfajiri yenye mvua haitakupa zaidi ya saa mbili hivi, na mwanga utaanza kufifia mapema kabla ya hapo. Mchana, bila taa wala waipa, inajivuta zaidi. Ndiyo maana betri mpya hufurahisha watu kwa siku mbili, kisha kilio kinaanza upya.

Binti alimwambia mjomba wake: “Mjomba, tusinunue kitu kingine mpaka tujue kinachoumwa.” Mjomba hakuwa na fedha ya kununua kitu kingine kwa kubahatisha hata kama angetaka. Wakamwendea fundi umeme wa magari, mzee mwenye gereji bubu chini ya mwembe kando ya lami.

“Mwangaluka, fundi,” mjomba akasalimia. Binti akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha fundi akauliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kuliuliza: “Ile betri ya kwanza iko wapi?”

Ilikuwa stoo, nyuma ya magunia. Ikaletwa. Zote mbili zikawekwa kwenye chaja usiku kucha, zikaachwa zipumzike, halafu fundi akatoa mita, akampa binti ashike mwenyewe: waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi. Ikisoma 12.0, karibu imekwisha. Mpya ilisoma 12.7. Ile ya zamani ikasoma 12.5. Fundi akaifunga hiyo ya zamani kwenye gari, akamwambia mjomba apige stata huku binti akitazama namba. Ikashuka mpaka 10.4, injini ikawaka. Betri mbovu ingeporomoka chini ya 9.6 papo hapo.

“Hii betri mliitupa stoo bure,” fundi akasema. “Ni nzima.”

Mjomba alinyamaza. Nadhani alikuwa akihesabu matenga.

Injini ikiwa bado inanguruma, binti akatazama mita tena. Gari zima, likiwa linawaka, hutakiwa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5 kwenye betri, kwa sababu ili umeme uingie ndani ya betri ni lazima anayeusukuma awe na nguvu kuizidi. Mita ilisema 12.4. Wakawasha taa, ikawa 12.2. Baada ya muda mfupi, 12.1. Namba zilikuwa zinashuka tu. Hakuna kilichokuwa kinaingia.

Mjomba akatoa shauri ambalo mmelisikia au mtalisikia: “Tuchomoe terminali ya betri injini ikiwaka. Ikizima, alteneta ni mbovu.” Fundi akamshika mkono. Vijana, hili nawaomba mlishike na mlikatae popote mtakapolikuta. Betri ikiwa imefungwa, ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla wakati alteneta inafanya kazi, volti huruka juu kwa ghafla, na katika nukta hiyo huunguza regulata, diodi, au kontroloboksi ya injini, ambayo bei yake itakuliza. Magari ya zamani yasiyo na kompyuta yaliuvumilia mchezo huo. Corolla ya 1998 ina kompyuta. Mita ipo, na inakupa jibu bila kuunguza chochote.

Sasa, kusema kwamba umeme hauingii bado si kusema alteneta imekufa. Huenda inazalisha ila njia imekatika. Kwa hiyo fundi akazima injini, akaanza kufuata njia, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Akaanza na feni belti. Akaibonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ikaingia kama sentimita moja, haikulegea. Haikuwa na nyufa wala mng’ao wa kuteleza. Belti iliyolegea hupiga kelele kali gari likiwashwa asubuhi, na alteneta haizunguki inavyostahili. Belti haikuwa na kesi.

Akaenda kwenye terminali za betri, akakuta unga mweupe wenye ukijani, akaumwagia maji ya moto na kuusugua. Akapima kati ya hasi ya betri na mwili wa injini. Karibu na sifuri, maana yake waya wa ardhi ni mzima.

Akashuka kwenye alteneta yenyewe. Nyuma yake kuna nati moja iliyofunikwa kwa mpira, inayoshika waya mnene unaokwenda betri. Pale panapaswa kuwa na umeme wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Binti akapima: 12.5. Basi waya mnene ni mzima na fyuzi yake kubwa haijaungua. Pembeni kuna plagi ndogo ya waya tatu. Mmoja huipa regulata habari za betri, mmoja huleta umeme ukigeuza ufunguo, na wa tatu huwasha ile taa nyekundu ya dashibodi. Wakapima huku ufunguo umegeuzwa na injini imezimwa. Umeme ulikuwapo ulipotakiwa kuwapo.

“Kwa hiyo chakula kinafika mlangoni,” fundi akasema. “Mwenye nyumba ndiye hali.”

Kisha akafanya jaribio ambalo binti alilisimulia shuleni wiki nzima. Ufunguo ukiwa umegeuzwa na injini imezimwa, akampa binti bisibisi ndefu, akamwambia aisogeze taratibu kwenye nati ya puli ya alteneta. “Unasikia nini?”

“Sisikii kitu.”

Fundi akagonga mgongo wa alteneta kwa mpini wa nyundo, pole pole. Bisibisi ikavutwa, ikanata kwenye nati. Binti akashtuka. Kabla hajasema neno, mvuto ukaisha, bisibisi ikabaki mkononi mwake.

Ngoja niwaeleze alichokisikia. Mwaka 1831, Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikipita karibu na waya, ndani ya waya huzaliwa umeme. Alteneta haina siri nyingine. Katikati kuna kipande cha chuma kinachozunguka, kiitwacho rota, chenye koili ya waya wa shaba. Koili hiyo ikipewa umeme kidogo, chuma hugeuka sumaku. Injini inaizungusha rota kwa belti, mara mbili hadi mara tatu ya mwendo wa injini yenyewe, na sumaku hiyo inapozunguka, koili nyingine tatu zilizotulia kuizunguka hutoa umeme mwingi. Umeme huo huenda mbele na kurudi nyuma, nao betri haiutaki hivyo. Diodi sita hukaa mlangoni, kila moja ikiruhusu upande mmoja tu, ndipo umeme utoke ukielekea njia moja. Kabla diodi ndogo na imara hazijapatikana, magari yalitumia dainamo, ambayo kwenye mwendo mdogo ilichaji kwa shida. Marekani, gari la Valiant la mwaka 1960 ndilo la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na alteneta kama kifaa chake cha kawaida, na wengine wakafuata.

Sasa, rota inazunguka wakati wote. Umeme wa kuifanya sumaku utaifikiaje bila waya kusokotana? Hapo ndipo panapokaa vipande viwili vidogo vya kaboni, vinavyosukumwa na springi vikagusa pete mbili za shaba kwenye shina la rota. Vinasuguana na pete hizo maisha yao yote, na vinalika. Vikifika mwisho, vinagusa na kuachia. Ukiigonga alteneta, vinagusa, ukiacha, vinaachia. Gari likiruka tuta, taa nyekundu inawaka na kuzima. Mmeona? Gari lilikuwa likisema tangu mwanzo.

Ikafika zamu ya kufungua. Fundi alivua saa, akamtaka mjomba avue pete, binti akajifunga kilemba vizuri. Kitu cha kwanza, spana namba 10, terminali ya hasi ya betri. Kwa nini hasi? Kwa sababu mwili mzima wa gari umeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana yako ikagusa boneti au mwili wa gari huku bado iko kwenye chanya, cheche zake zinaweza kuyeyusha chuma na kukuchoma. Hasi ikishatoka, njia imekatika, fanya kazi kwa raha.

Akachomoa plagi ya waya tatu, akifinya kidude chake cha kufungia badala ya kuivuta kwa waya. Akafungua nati ya waya mnene. Akalegeza bolti ya chini ambayo alteneta hugeukia, akalegeza ya juu inayoibana, kisha akazungusha ile ndefu ya kurekebisha mpaka belti ikalegea na kutoka. Akatoa bolti, akaitingisha alteneta, ikatoka na vumbi lake la miaka yote.

Alipovua kifuniko cha nyuma, binti akapokea kaboni mbili kiganjani. Mpya hutokeza kama sentimita moja. Hizi, moja ilikuwa imebaki nyembamba kuliko punje ya mchele, na nyingine imelika upande mpaka springi ikakwangua pete. Kwenye pete za shaba palikuwa na mfereji mweusi, ukucha ulikwama ndani yake.

Nitasema ninachoamini: kama ni kaboni peke yake, usinunue alteneta. Kaboni ni kitu kidogo, fundi mwenye mkono mzuri huzibadilisha na kukupa miaka mingine. Lakini hapa fundi alizungusha rota kwa mkono, beringi ikanguruma. Akaweka mita kwenye diodi, na moja ikapitisha umeme pande zote mbili, mlango uliovunjika bawaba. Pete zimechimbika, beringi imechoka, diodi imekufa. Kurekebisha vyote hivyo kungegharimu karibu sawa na kununua nyingine ya mtumba kutoka Japani.

“Nenda nayo hii hii dukani,” fundi alimwambia binti. “Usiende na jina la gari tu.”

Akaifunga kwenye gunia, akapanda daladala na mjomba wake hadi mjini. Muuzaji akaleta alteneta ya kwanza, inang’aa, imepuliziwa rangi. Binti akaziweka zote mbili sakafuni, bega kwa bega. Masikio ya bolti yalilingana, lakini plagi ilikuwa ya umbo jingine. Akaikataa kwa adabu. Ya pili ililingana masikio, plagi, idadi ya mikondo ya belti kwenye puli, na ampia zilizoandikwa ubavuni. Haikuwa na rangi mpya, ilikuwa na uchafu wake wa asili, nao ni dalili njema, maana rangi huficha mengi. Akazungusha puli karibu na sikio: kimya. Akaomba mita ya dukani, akapima kama alivyoona. Muuzaji akamwuliza anasoma VETA? Akajibu, “Bado, shikamoo,” watu wakacheka, nao wakapunguziwa bei.

Kuifunga ni kurudi njia ileile, nami sitawachosha. Nitataja mawili tu. Nati ya waya mnene ibanwe sawasawa, kwani ikilegea hupata moto na kuyeyusha waya. Na hasi ya betri hufungwa mwisho kabisa. Belti wakaikaza mpaka kidole gumba kikaingia sentimita moja, si chini ya hapo, kwa sababu belti iliyokazwa kupita kiasi huua beringi.

Ufunguo ukageuzwa, injini bado. Taa nyekundu ikawaka kama inavyopaswa. Binti akasogeza bisibisi kwenye nati ya puli, ikavutwa kwa nguvu. Akarudi nyuma, mjomba akapiga stata. Taa nyekundu ikazima. Mita: 14.2. Wakawasha taa, waipa, feni ya ndani: 13.9, ikatulia hapohapo. Fundi akageuza mita kwenye umeme wa mbele na nyuma, akapima tena kwenye betri, akapata chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Ingezidi nusu volti, angejua kuna diodi inayovuja, na alteneta ingerudi dukani siku hiyohiyo. Betri iliyoisha kabisa, akamwonya mjomba, ichajiwe kwa chaja kwanza, kwa kuwa kuilazimisha alteneta kuijaza kuanzia sifuri huipasha moto mwingi.

“Na taa nyekundu ikiwaka tena njiani, usiku?” binti akauliza.

“Mwambie mjomba atazame geji ya joto kwanza,” fundi akajibu. “Kwenye injini yenu hii, belti inayozungusha alteneta ndiyo inayozungusha pampu ya maji. Joto likipanda pamoja na taa nyekundu, belti imekatika. Aegeshe palepale na kuzima, hata kama amebakiza kilomita moja, la sivyo ataua injini. Joto likiwa sawa, azime redio na feni ya ndani, aache taa za mbele peke yake, asizime injini njiani, aje moja kwa moja hapa. Na baada ya wiki moja mje niikaze belti. Ikishazoea puli hulegea kidogo.”

Wiki iliyofuata walikwenda. Ilikuwa imelegea kidogo.